Mgonjwa akishalegezwa na diazepamu, apunguziwe pethidini? Tujadili

Mjukuu wa Ujiji: Wadau, wakubwa shikamooni. Shemeji yangu alipasuliwa ngiri mwezi uliopita. Kabla ya kuingia thieta alichomwa diazepamu, ulimi ukawa mzito, macho nusu. Nikiwa mlangoni nikamsikia mtu wa usingizi akisema: "Huyu keshalala, pethidini tupunguze." Shemeji alitoka amejiuma mdomo wa chini hadi umevimba. Je, dawa ya kulaza inapunguza kweli haja ya dawa ya maumivu?

Nesi wa Mwandiga: Inategemea dawa ipi. Diazepamu, midazolamu, hata propofoli, zinalaza tu, maumivu haziyaui. Mtu kalala, lakini kisu kikipita mapigo yanakimbia, presha inapanda, machozi yanamtoka. Ketamini ni habari nyingine: inalaza na inaua maumivu, kwa hiyo pethidini au mofini inapungua kweli. Klonidini na deksimedetomidini nazo zinasaidia hapo. Ila tusimhukumu aliyepunguza. Diazepamu na pethidini zikikutana, mgonjwa anaweza kuacha kupumua. Marekani zina onyo kali tangu 2016. Na baadhi ya wanaolalamika nusu kaputi haikuwashika ni wanywa gongo.

Mwalo wa Kibirizi: Wanywa gongo? Baba yangu amevua migebuka maisha yake yote, gongo hajawahi kuionja, na alisikia kisu. Futa hilo neno.

Nesi wa Mwandiga: Kaka, sijamtaja baba yako. Pombe ya miaka mingi inauzoesha ubongo, dozi ya kawaida inakuwa haimtoshi mtu. Hiyo ni elimu.

Mwalo wa Kibirizi: Elimu gani hiyo? Maskini akilia mezani, mlevi. Mama akilia leba, hana adabu. Nyie lini mtamwamini mgonjwa?

Fundi Katubuka: Mimi nilikuwa nakunywa, naweka wazi. Nilivunjika mguu kwa bodaboda, daktari akaniuliza nakunywa kiasi gani. Mama alikuwa amesimama pale na kanga yake mkononi. Nikasema "sikukuu tu". Ketamini wakaniongeza mara mbili, na nilipozinduka nililiona bati la paa linapanda na kushuka kama kifua cha mtu. Nilipiga kelele wodi nzima. Dada nesi yuko sahihi, waulizeni watu, lakini muwaulize ndugu wakiwa nje.

Mjukuu wa Ujiji: Shemeji ni mtu wa swala tano! Mbona tumehamia kwenye pombe? Halafu si kuna naloksoni? Wangempa pethidini ya kutosha, pumzi ikizidiwa wamrudishe.

Nesi wa Mwandiga: Naloksoni inaondoa nguvu ya pethidini, pumzi inarudi na maumivu yanarudi palepale. Diazepamu haiigusi, hiyo inataka flumazenili, na si kila kabati utaikuta. Kwa shemeji, ningepunguza diazepamu, nimpe ketamini, na nikae kichwani pake nikihesabu pumzi. Kulegea siyo kutosikia. Hapo hawakumtendea haki.

Mwalo wa Kibirizi: Na baba yangu?

Nesi wa Mwandiga: Naomba radhi kwa neno "wanywa gongo". Hoja yenyewe siifuti.

Mwalo wa Kibirizi: Basi hujaomba radhi. Mzee alitushika mikono baada ya upasuaji akatuambia, "Nilikuwa nawasikia, sauti haikutoka." Alinisimulia mimi, siyo wewe.