Risasi ipi ya .308 inafaa kwa nguruwe pori? (Texas)

Kijana wa Mbulu
Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo. Nipo Texas, nje kidogo ya Abilene, kibarua kwenye shamba la ngano. Nguruwe pori wanatumaliza. Wakiingia usiku, asubuhi unakuta kipande kizima kimefukuliwa utadhani trekta limepita. Bosi ameniruhusu kuwapiga, raifo ananiazima yake ya kipimo cha .308, ya bolti (unakokota kwa mkono kila risasi). Risasi ninunue mwenyewe. Dukani kuna zilizovikwa shaba mpaka nchani, bei chee. Kuna za ncha laini, greini (kipimo cha uzito wa risasi) 150 na 180. Halafu kuna za shaba tupu, hizo bei imechangamka. Nitakuwa kwenye kichanja, umbali kama mita 60 hadi 100. Nibebe zipi?

Mzee wa Shabaha
Marahaba kijana. Hizo za bei chee tobolea makopo. Risasi iliyovikwa mpaka nchani haifunguki, yaani haitanuki, ndani ya nyama. Inaingia na tundu dogo, inatoka na tundu dogo, na mafuta ya nguruwe yanaziba tundu lile. Damu kidogo inayotoka inanywewa na manyoya. Mnyama anakimbilia kichakani, anafia huko, wewe unazunguka na tochi hupati hata tone la kufuata. Tena ikishatoka upande wa pili bado ina nguvu ya kumfikia ng'ombe wa jirani.

Chukua ncha laini ya greini 150. Kwa umbali huo inafunguka vizuri na teke lake linavumilika. 180 si mbaya, ila kwa nguruwe wa kawaida huihitaji. Shaba tupu ni nzuri sana kwa dume zee, maana yule ana ngao ya ngozi ngumu mabegani, nene, na risasi laini mno inaweza kuvunjikavunjika kabla ya kufika panapotakiwa. Faida nyingine, haiachi vipande vya madini ya risasi kwenye kitoweo.

Lakini kabla hujatoa hela nyingi: nunua boksi moja la kila aina, weka bunduki juu ya mfuko wa mchanga, piga tatu tatu kwenye karatasi yadi 100. Mtutu una ugonjwa wake, unaweza kuipenda hii ukaikataa ile ya greini zilezile. Inayokusanya matundu pamoja ndiyo yako, rekebisha darubini kwa hiyo na usichanganye.

Na pa kulenga. Moyo wa nguruwe uko chini na mbele kuliko unavyodhani. Akisimama ubavu, panda na mstari wa mguu wa mbele, theluthi moja kutoka chini. Ukilenga nyuma ya bega ni rahisi kupiga matumbo.

Mtoto wa Tabora
Mzee anapenda mizinga 😂 Mimi natumia .223, risasi nyembamba kuliko hiyo, na wanalala. Siri ni risasi ya greini 62 au 64 ya ncha laini iliyogandishwa na koti lake la shaba isivunjike, siyo zile 55 za mazoezi. Nyuma ya sikio, basi.

Mzee wa Shabaha
Nyuma ya sikio kwa nguruwe aliyetulia, sawa. Wakianza kutembea? Na huyu bwana kaazimwa .308, unataka akaazime nyingine? Halafu ukiwa na bunduki iliyoandikwa .223 usiingize 5.56, zile za kijeshi. Zinafanana kwa macho, presha tofauti.

Mama Junior, Dallas
Mdogo wangu, uko huko kwa karatasi gani? Texas tangu Septemba 2019 nguruwe pori kwenye ardhi ya mtu binafsi, kwa ruhusa ya mwenyewe, hawahitaji leseni. Ila sheria ya shirikisho ni nyingine: mwenye viza ya muda, mwanafunzi au kibarua wa msimu, haruhusiwi kushika bunduki wala hata risasi, isipokuwa aingie kwenye misamaha, mmojawapo kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mwenye grinikadi hilo halimhusu.

Kijana wa Mbulu
Dada, nina grinikadi, asante. Mzee, nabeba 150 na boksi moja la shaba tupu, Jumamosi napima. Nyama inalika?

Mama Junior, Dallas
Inalika, jike dogo ndilo tamu. Vaa glavu unapochuna, wengine wana ugonjwa wa brusela na unaambukiza watu. Pika mpaka ndani ifike nyuzi 71 za Selsiasi. Ukipata, Dallas siyo mbali.