Sheria ya nishati safi ikifutwa kila uchaguzi, mwekezaji ashike nini?

Kalamu Kavu:
Wakuu, naomba darasa. Sheria ya Marekani ya nishati safi ya Agosti 2022 ilipita Seneti 51 kwa 50, makamu wa rais wa wakati huo, Kamala Harris, akipiga kura ya kuamua. Julai 2025 ikaja nyingine kuinyofoa, nayo 51 kwa 50, safari hii kura ya makamu wa rais JD Vance. Kama miaka mitatu inatosha kujenga na kubomoa, anayezika fedha zake kwa miaka ishirini ana uhakika gani?

Fundi wa Paa:
Mkuu, mimi nafunga sola hukuhuku Marekani. Nafuu ya kodi ya mwenye nyumba ilikuwa asilimia 30, na iliandikwa isiguswe hadi 2032. Sheria mpya ikaikata 31 Desemba 2025. Kilichowaumiza wengi ni hiki: haihesabiwi siku uliyolipa, inahesabiwa siku kazi ilipokamilika.

Nilikuwa na mama mmoja mstaafu, alilipa dola 24,000 mwezi wa kumi. Paneli 18 ziko juu, nyaya zimeshuka hadi ukutani, inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa paneli utumike nyumbani, hakuna, imekwama kwa msambazaji. Ikafika Januari 6. Dola 7,200 ndiyo kwaheri. Hakunifokea. Alinimiminia chai, akauliza kwa sauti ya chini kama risiti haiwezi kurudishwa nyuma wiki moja tu. Nilitazama kikombe.

Sasa linganisha na Ujerumani. Sheria yao ya 2000 ilimpa mwenye mtambo bei maalumu ya umeme wake kwa miaka 20. Wapya walishushiwa bei mara nyingi, ila aliyekwisha kuingia aliendelea na yake.

Mpinzani Mstaarabu:
Na bili ikamwangukia nani, fundi? Mteja wa kawaida wa Ujerumani alikatwa tozo kwenye bili yake ya umeme kulipia bei hiyo maalumu, hadi 2022. Raia akichoka, hufuta. Australia walianza kuwatoza wachafuzi wakubwa kwa hewa ya kaboni wanayotoa Julai 2012, Julai 2014 tozo haipo tena.

Fundi wa Paa:
Hapo umenibana, sikatai. Ndiyo maana siku hizi naiamini zaidi njia ya Texas, jimbo ambalo halina hata wimbo wa mazingira. Mwaka 2005 walipitisha sheria ya kujenga njia za umeme kutoka magharibi kwenye upepo hadi mijini, na gavana Rick Perry wa chama cha Republican akaitia saini. Nyaya zikavutwa, wenye mashamba wakaanza kulipwa kodi ya ardhi ya mitambo. Leo ndiyo jimbo linaloongoza Marekani kwa umeme wa upepo. Nenda kamwambie mfugaji wa kule kwamba nguzo zing'olewe!

Kalamu Kavu:
Nimekupata. Kwa hiyo nguzo kwanza, ruzuku baadaye. Na yule mama?

Fundi wa Paa:
Tuliwasha Januari 20. Juzi kaulizia betri. Nimemwambia asitoe hata senti mpaka aione imeshushwa mlangoni kwake.