Tupeane uzoefu: mlima ulipokukata pumzi

Binti Kilembe: Leo nimemkuta kijana hapa Kasese anafunga mkoba aende Margherita, kilele cha juu cha milima ya Rwenzori. Ati anacheza mpira, pumzi anayo. Nimekosa raha. Yaliyowakuta semeni, nimpelekee kabla hajapanda.

Mpagazi Mstaafu: Mpira na mlima havijuani, binti yangu. Vijana wenye nguvu nimewashusha wengi, maana ndio wanaokimbia.

Nakawa 77: Kweli kabisa mzee. Mimi Mlima Elgon tu, kilele cha Wagagai mita 4,321, kichwa nusura kipasuke.

Mama Pacha: Acheni niseme langu. Siku ya tatu huko Rwenzori, kambi ya Bujuku, kichwa kiliniuma nikameza dawa nikanyamaza. Pesa nilishalipa, niliogopa kurudishwa. Kambi ya juu yake, Elena, mita 4,541, nikatapika hata chai. Usiku mwenzangu anahema mbiombio, halafu kimya. Nahesabu. Kimya. Kisha anashtuka, anavuta pumzi. Kiongozi akasema hiyo huko juu ni kawaida, asiyekuwa sawa ni mimi. Alfajiri nayumba kama mlevi, kamba za viatu zimenishinda. Akaniambia nitembee mstari mmoja, kisigino mbele ya kidole. Nikaanguka. Hakubishana nami, alibeba mzigo wangu tukashuka gizani. Nilimtukana njia nzima. Chini ya Bujuku miguu ikaanza kunitii. Yule baba namwombea mpaka leo.

Nakawa 77: Pole sana dada. Nimesoma mara mbili.

Kaka Mbale: Kule oksijeni imeisha, basi. Ameze asetazolamaidi, ile dawa ya ugonjwa wa mlima, apande.

Muuguzi Fort Portal: Haijaisha, kaka. Ni asilimia 21 hata kileleni. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Kwenye mita 5,000 ni karibu nusu ya ule wa pwani. Mwili unajibu kwa kuhema zaidi, na figo zinarekebisha damu, ndiyo maana mkojo unakuwa mwingi. Chembe nyekundu za kutosha huchukua wiki kadhaa.

Kaka Mbale: Kwa hiyo dawa ni bure? Mimi ilinisaidia!

Muuguzi Fort Portal: Inasaidia, lakini aandikiwe na daktari, na isimpe haraka. Juu ya mita 3,000 asiongeze kimo cha kulala kwa zaidi ya mita 500 kila usiku. Bujuku hadi Elena tayari inapita hapo. Alale Bujuku siku mbili.

Mpagazi Mstaafu: Tangawizi, na ale sana.

Nakawa 77: Mimi kula sana kulinitapisha. Kidogo kidogo, na pombe ya waragi aache kabisa.

Mama Pacha: Kichwa kikiuma aseme! Akiyumba ashuke saa hiyo hiyo, asingoje kuche.

Binti Kilembe: Nimemsomea yote kwa simu. Anauliza usiku wa ziada Bujuku ni shilingi ngapi.

Mpagazi Mstaafu: Mlete kwangu jioni hii.