Sarafu za fedha za China na Japan: nimenunua tatu Guangzhou, nitajuaje kama ni za kweli?

mzigo_gz:
Wakuu habari za humu. Niko Guangzhou kwa mambo ya mizigo, jumapili nilipita soko moja la vitu vya kale nikakuta mzee kapanga sarafu kwenye kitambaa, nikashindwa kupita, maana marehemu babu alikuwa na reale yake ya fedha anatuonyesha sikukuu tu na tangu hapo hivi vitu vimenikaa moyoni. Nimechukua tatu. Moja ina jamaa mnene wa sare ya jeshi kaangalia pembeni. Ya pili ina joka na maandishi KWANG-TUNG PROVINCE. Ya tatu joka pia ila imeandikwa 416 ONE YEN 900, na nyuma yake kuna kimuhuri kidogo cha duara kimegongwa. Mwaka sioni popote. Ile ya jamaa nimeisugua na dawa ya meno imeng'aa vizuri sana. Ni silva kweli hizi?

dada_wa_sarafu:
Ndugu yangu weka chini hiyo dawa ya meno, nakuomba. Ule weusi ni ngozi ya sarafu, umechukua miaka mingi kujitengeneza na ukishautoa haurudi, na wanunuzi wakiona imesuguliwa wanashusha bei palepale. Mbili zilizobaki usiziguse.

Huyo mnene ni Yuan Shikai, rais wa mwanzo mwanzo wa Jamhuri ya China, na Wachina wanaiita hiyo sarafu Yuan Datou yaani Yuan kichwa kikubwa. Mwaka upo, upo juu ya kichwa kwa kichina na unasomwa kulia kwenda kushoto. Ukiona vistari vitatu vimelaliana huo ni mwaka wa 3 wa Jamhuri, jumlisha 1911 unapata 1914. Ipo pia ya mwaka wa 8, wa 9 na wa 10. Hesabu na herufi kabisa, ya mwaka wa 3 ina herufi 6 juu, hizo nyingine zina 7, watengeneza feki wengine wanakosea hapo hapo. Uzito wake ni gramu 26.7 hivi na fedha ndani yake asilimia 89. Ya Japan ni ya enzi ya mfalme Meiji, hapo mwaka wa enzi yake ulioandikwa kwa kijapani unaujumlisha na 1867. Ile ya Kwang-tung ndio haina mwaka, zimetengenezwa hukohuko Guangzhou uliko kuanzia karibu 1890, na hiyo 7 MACE AND 2 CANDAREENS iliyoandikwa ni uzito wa kichina, inakuja karibu gramu 26.8.

fundi_sonara:
Dada kamaliza kusoma mimi nije kwenye kupima. Sumaku peke yake haitoshi, shaba haishikwi na sumaku na feki nyingi ni mchanganyiko wa shaba. Tafuta mizani ya sonara inayosoma nukta, pima sarafu kavu uandike. Halafu weka glasi ya maji juu ya mizani uirudishe sifuri, funga sarafu kwa uzi uizamishe bila kugusa chini wala pembeni, namba itakayosoma uiandike pia. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Fedha ya aina hii inakupa 10.3 hivi, shaba na ndugu zake wanakaa 8 na kitu mpaka 9, na hapo hakuna muuzaji wa kukubishia. Angalia na meno ya ukingoni, ukikuta mstari unazunguka katikati ujue ni mbili zimeunganishwa au imemiminwa kwenye kalibu.

mwana_wa_pwani:
Hiyo reale ya babu kama ina mama mnene na mwaka 1780 ni ya Maria Theresa, gramu 28 na kidogo, ilitembea Zanzibar mpaka Oman. Mwaka ni 1780 lakini waliendelea kuzigonga na mwaka uleule miaka na miaka kwa sababu watu walishaizoea sura yake. Yuan wa mwaka wa 3 hivyohivyo, ziligongwa hata baada ya 1914, kwaiyo mwaka usikutie presha, uzito ndio useme.

mzigo_gz:
Wakuu nimerudi. Joka la Kwang-tung gramu 22.4, hata kwenye maji sijaipeleka. Yuan gramu 26.6 nikafurahi, kwenye maji ikasoma 3.0, nikagawanya nikapata 8.9 roho ikaniuma, bora hata niliyoisugua ndio hiyo. Ya yen gramu 26.9, maji 2.6!!! Nimerudia mara tatu ni ileile.

dada_wa_sarafu:
10.3 na ushee, hongera sana. Na hiyo 416 ni uzito kwa greni, ukigeuza ni gramu 26.96, kwaiyo imechakaa kidogo tu. Kimuhuri hicho ni herufi gin, maana yake fedha. Mwaka 1897 Japan walihamia pesa inayopimwa kwa dhahabu, yen za fedha zikaondolewa kwenye mzunguko wa ndani, wakazigonga muhuri huo nyingine zikaenda kutumika Taiwan. Hebu itazame upande usio na joka, muhuri uko kushoto au kulia?

mzigo_gz:
Kushoto.

dada_wa_sarafu:
Basi iligongwa Osaka, za Tokyo uko kulia. Ifunge kwenye karatasi kavu, usiitie kwenye nailoni laini, na uishike kwa ukingo tu.