Mchungaji msomi akihamia Ulaya, bado anaisemea Afrika?

MADA: Vyuo vya teolojia Dodoma viendelee kumpa John Mbiti, mchungaji na mwanateolojia Mkamba wa Kenya, nafasi ya kwanza katika somo la dini za asili, au wapewe waandishi waliobaki nyumbani? Wanaompinga wanasema aliishi Uswisi tangu 1974 hadi alipofariki 2019. Wanajadili watatu, kila mmoja akiitwa kwa jina la mahali pake mkoani Dodoma.

KONGWA: Asomwe, ila asiwe wa kwanza. Mchungaji aliyehudumia usharika wa Burgdorf, Uswisi, miaka 15 hawezi kuwa kipimo cha imani ya Mgogo wa Mlali.

MSALATO: Ndugu wa Kongwa, tarehe zinakukataa. Kitabu kilichompa jina, African Religions and Philosophy, kilitoka 1969, naye alifundisha Makerere 1964 hadi 1974. Kazi yake juu ya Mungu katika makabila karibu 300 ilitoka 1970, bado akiwa Kampala. Na huko Uswisi alitafsiri Agano Jipya kwa Kikamba kutoka Kigiriki chenyewe, likatoka 2014. Aliyewasahau watu wake hajitwishi mzigo huo uzeeni!

MPWAPWA: Wapendwa, mnabishania makazi, na kasoro iko kwenye mbinu. Mbiti alichambua vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu, akaona wakati ujao unaishia miezi sita, ukizidi sana miaka miwili. Kisha akaivika Afrika nzima hoja hiyo. Mwanafalsafa Kwame Gyekye alionyesha kuwa Waakan wa Ghana hawamo. Ugogo, nchi ya Wagogo hapa Dodoma, nao haumo. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na hukatika mara kwa mara. Kwa hiyo mfugaji halazi ng'ombe wote zizi moja. Huwagawa kwa ndugu na marafiki wa vijiji vya mbali, ili ukame au maradhi yakipiga upande mmoja asibaki mikono mitupu. Akifa, wanawe wanajua ng'ombe wao wako kwa nani. Huko ni kupanga mbali kuliko miaka miwili. Okot p'Bitek, mshairi na msomi wa Uganda, naye alimkosoa Mbiti vikali, kwamba anaipima miungu yetu kwa mizani ya Wagiriki, na p'Bitek mwenyewe aliishi miaka mingi uhamishoni Kenya. Umbali haukumzuia kuona.

KONGWA: Basi hoja ya ng'ombe ifundishwe kabla ya Mbiti.

MSALATO: Ifundishwe pamoja naye. Wanafunzi wasome sura yake ya wakati, kisha waende vijijini. Kila methali iandikwe kwa Kigogo, na kijiji, umri wa msemaji na tukio lililoifanya isemwe. Bila tukio, maana yake inabahatishwa. Kinachoharibu kazi nyingi ni hiki: mwanafunzi anafika na kola ya kichungaji shingoni, anauliza "Mungu ana sifa gani?", mzee anamrudishia katekisimu, nayo inaandikwa kuwa mila. Aulize mvua, mazishi, jando. Mulungu, yaani Mungu kwa Kigogo, atatajwa bila kuulizwa.

KONGWA: Na mkufunzi asiyejua Kigogo atasahihishaje?

MPWAPWA: Mzee asomewe maneno yake, ayarekebishe, kabla daftari halijaondoka kijijini. Mkufunzi asahihishe hoja tu.