Mmea wa bustani ukitoroka, unahesabiwa mwenyeji lini? Tupeane uzoefu

Kirichwa Chini:
Wadau, habari za Jumapili. Kuna mzee wa Kileleshwa, Nairobi, alipanda kucha za paka, ule mtambaazi wa maua ya njano, kwenye fensi yake ya kayaba. Mzee aliuza, nyumba ikabomolewa, leo ni fleti. Fensi haipo. Mtambaazi upo, umeshuka bondeni mpaka Mto Kirichwa Kubwa na kuparamia miti ya mikinduri. Tuseme ni mabaki ya bustani tu, au umeshapata uenyeji? Wenye uzoefu, mwageni.

Mama Sukuma:
Mwenyeji huyo. Amekosa kitambulisho tu.

Jembe Butu:
Umenitonesha kidonda. Kwetu Kasarani tulikuwa na mgrevilia mkubwa nyuma ya jikoni. Marehemu baba aliuacha huo mtambaazi uupande kwa sababu wageni waliusifu. Ukifika msimu mti unageuka dhahabu, na mama anasema, "Tazameni mti wangu unavyochanua." Mgrevilia nao maua yake ni ya rangi hiyo hiyo, kwa hiyo hatukushtuka. Kumbe ulishakufa zamani, tunasifu maua ya aliyeuua! Usiku mmoja wa Aprili, mvua inanyesha, tawi likashukia mabati ya jikoni. Mama ndiyo kwanza amevuka mlango na sufuria ya ugali. Hakuiachia. Alisimama kwenye mvua ameikumbatia, anauliza, "Mwiko uko wapi?"

Asubuhi nikaanza kuchimba. Mizizi ina viazi, kiazi baada ya kiazi, kama shanga. Nilijaza magunia mawili nikajiona shujaa. Mvua ziliporudi, kila nilichokisahau ardhini kilikuwa kimechipua.

Dada wa Ruaka:
Pole sana kaka. Mwiko ulipatikana?

Jembe Butu:
Ulikuwa ndani ya sufuria.

Kijani Kibichi:
Na ule wa maua ya chungwa wenye jicho jeusi katikati? Mhamiaji mwingine, umejaa kila kichaka.

Mpenda Majani:
Huo uache. Thunbergia alata ni wa hapa hapa Afrika Mashariki. Wanaoulalamikia kwa kutoroka bustani ni watu wa Australia na Hawaii.

Kijani Kibichi:
Mimi nilinunua mbegu zake kwenye pakiti ya Uholanzi.

Mpenda Majani:
Pakiti ni ya Uholanzi, mmea ni wa kwenu.

Tumrudie Kirichwa. Kucha za paka kwao ni Amerika ya kitropiki, hilo halina ubishi. Kuishi baada ya mwenye bustani kuondoka hakutoshi. Shina moja linaweza kuzeeka hapo bila kuacha mtoto. Swali ni je, unajizalisha wenyewe, kizazi hadi kizazi, bila mkono wa mtu? Mtaalamu wa mimea Pyšek na wenzake mwaka 2004 walipendekeza angalau miaka 10. Tafuta miche chini ya miti. Maganda yake ni marefu kama ya kunde, mbegu zina mbawa nyembamba za kupeperuka.

Dada wa Ruaka:
Mtambaazi wangu ni ule wa maua ya zambarau yanayofunguka asubuhi. Sijawahi kuona mbegu hata moja, lakini jirani hukata na kutupa mtoni, na kila kipande kinashika.

Mama Sukuma:
Basi huyo analelewa na jirani.

Mpenda Majani:
Vipande na viazi vinahesabiwa sawa na mbegu. Ila kama bila jirani usingeenea, hapo mimi nasita.

Jembe Butu:
Njoo usite kwangu na jembe.

Kijani Kibichi:
Kata shina, paka dawa ya magugu hapo hapo.

Mama Sukuma:
Dawa karibu na mto? Leta mbuzi.

Jembe Butu:
Mbuzi hachimbi viazi.

Kirichwa Chini:
Nimerudi bondeni. Miche ipo, nimehesabu kumi na tisa, mbali kabisa na fensi ya zamani. Nimevunja mmoja: majani mawili, na katikati vikucha vitatu vilivyonishika shati. Ya miaka 10 itabidi nimuulize askari wa zamani wa hapo.

Mpenda Majani:
Bana tawi lenye ua na lenye ganda kwenye gazeti, andika mahali na tarehe, upeleke hifadhi ya mimea kavu pale Makumbusho ya Taifa. Usitie kwenye mfuko wa plastiki, litaoza.

Mama Sukuma:
Mfuko wenyewe ulipigwa marufuku 2017, atautoa wapi?

Fundi Mbao:
Samahani kuingilia. Jembe Butu, ule mgrevilia mliupasua au bado umelala hapo? Naulizia bei.