Nimekatwa tumbo, huu mwezi wa tano na kilo zimegoma. Wenye uzoefu naomba ushauri

MamaTabata

Wakuu habari za mchana. Najua humu wapo waliopita njia hii, hata kama wengi hawasemi. Mwanzoni mwa mwaka nilikwenda India nikafanyiwa operesheni ya kupunguza mfuko wa chakula, ile ya slivu. Niliingia chumba cha upasuaji nikiwa na kilo 128, urefu sm 163, presha ninayo, na sukari ndiyo kwanza ilianza kunichungulia. Leo nina 106.

Mwanzo zilishuka vizuri mpaka nikawa napanda mizani kila asubuhi kwa raha zangu. Tangu mwezi uliopita imeganda. Inasoma 106, kesho 106.8, keshokutwa imerudi palepale. Na kuna kaka mmoja tulilazwa naye wodi moja, kakatwa wiki ileile, yeye ameshatupa kilo 40 na kila Ijumaa anatuma picha kwenye grupu. Namwombea heri, ila moyo unauma.

Kinachonichosha zaidi ni maneno. Mume wangu hana shida, shida ni mawifi. Kiwanja chetu cha Chanika ndicho kilichouzwa kulipia hii safari na wao wanajua. Juzi kwenye kichen pati wifi mkubwa kanishika mkono mbele za watu, "Hivi wewe ulikatwa kweli, au mlikwenda kutembea?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Naomba kujua: tumbo limeshatanuka? Kuna aliyekwama hivi kisha zikaendelea kushuka? Nifunge siku kadhaa? Daktari wa kule nikimwandikia, jibu linakuja baada ya wiki: "endelea na mlo." Mlo upi sasa. Nawasilisha.

Bwashee_Mbagala

Hela ya kiwanja! Si ungetembea tu kwa miguu Mbagala mpaka Posta kila siku. Kilo zingeisha na kiwanja kingekuwepo.

KiporoChaJana

Bwashee, kitambi chako kinaingia baa kabla yako halafu unashauri watu kutembea. Mwache dada wa watu.

DawaAsiliaOriginal

Pole sana dada. Njoo PM, tuandikiane faragha, nina unga wa mizizi unasafisha tumbo lote, wiki mbili tu utaleta ushuhuda.

NesiWaZamu

MamaTabata, kwanza usiende PM ya huyo. Hizo za "kusafisha" nyingi ni dawa za kuharisha tu. Zinatoa maji na chumvichumvi za mwili, mizani inashuka siku mbili, ukinywa maji imerudi. Kwa aliyekatwa tumbo, anayekunywa maji kwa mafunda, kukaukiwa ni jambo la kulazwa.

Sasa tufanye hesabu, maana naona unajipima kwa kipimo kisicho chako. Hawa waliopasuliwa hawalinganishwi kwa kilo, wanalinganishwa kwa asilimia ya uzito walioanza nao. Umeshusha 22 kutoka 128, hiyo ni asilimia 17. Kwa slivu, wastani baada ya mwaka mzima ni kama robo ya uzito wa kuanzia. Robo yako ni kilo 32. Umeshatoa 22 na mwaka haujafika hata nusu. Kasi yako iko upande wa taratibu, sikatai, lakini operesheni haijafeli. Tena uzito huendelea kushuka mpaka miezi 12 hadi 18.

Kuganda ni jambo la karibu kila mtu. Mwili wa kilo 106 hautumii nguvu kama wa kilo 128, na ukiona chakula kimepungua ghafla nao unabana matumizi. Jumlisha na maji ambayo mwili unayashika karibu na hedhi, jumlisha choo kigumu ambacho nyie wote mnacho, unapata mizani iliyoganda wiki nne, tano, sita.

Kutanuka: slivu huondoa kama asilimia 75 hadi 80 ya mfuko, pamoja na ile sehemu inayotoa kwa wingi homoni ya njaa. Kinachobaki huweza kulegea kidogo kwa miaka, lakini si mwezi wa tano. Kufunga usifunge.

Naomba unijibu bila kupamba: unakula nini kuanzia asubuhi mpaka unalala? Unatumia dawa au sindano gani? Unameza vitamini? Na huyo kaka alianza na kilo ngapi?

MamaTabata

Asante sana nesi, Mungu akubariki. Asubuhi chai ya maziwa kikombe kile kikubwa, sukari vijiko viwili, na nusu chapati. Saa nne uji wa lishe. Mchana wali vijiko vinne vitano na mchuzi wa samaki, samaki mwenyewe namwonja tu maana nyama yoyote inanikaba hapa kifuani. Usiku mtori. Katikati nakunywa juisi ya embe kidogokidogo, maji matupu yananitia kichefuchefu. Soda sijagusa kabisa.

Presha nameza vidonge. Halafu nachoma sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, nilianza niliporudi kwa sababu waliniambia nisishike mimba. Vitamini ziliisha mwezi wa tatu, kule nilipewa za kutosha miezi michache tu. Nywele zinatoka kwa mafungu. Yule kaka alianza na 171.

KiporoChaJana

Vijiko vinne vya wali kwa siku na bado kilo 106? Mimi ningekuwa nimeshazikwa.

MieWaMuscat

Assalam alaykum. Bibi, mie nilifanyiwa baipasi huku Oman, ile ya kuliacha tumbo dogo na chakula kuruka sehemu ya utumbo, na huku Ghuba mambo haya ni ya kawaida, kila ukoo una mtu wake. Nimesoma chakula chako nikajiona mwenyewe mwaka wa kwanza.

Skiliza. Hilo tumbo jipya linazuia chakula kigumu tu. Uji, mtori, chai ya maziwa, juisi, vyote vinateleza vikapita kama maji kwenye mfereji, baada ya nusu saa nafasi ipo tena. Ndo maana unakula "kidogo" kutwa nzima na mizani haikuoni. Wallahi watu wengi wanakwama hapo, na kula wanakula kwa adabu kabisa.

Nyama inakukaba kwa sababu bado unatafuna kwa kasi ya zamani. Mie nilifanya hivi: kisahani cha chai badala ya sahani, uma mdogo wa keki. Kipande cha samaki ukubwa wa ncha ya kidole gumba, natafuna mpaka kimekuwa kama uji mdomoni, nameza, naweka uma CHINI. Naweka chini kweli, mkono mapajani. Nahesabu kimoyomoyo, kisha kingine. Samaki kwanza, mboga baadaye, wali ukipata nafasi ndo upate. Mara nyingi haupati. Anza na changu au nguru wa kuchemsha mwenye mchuzi, kuku wa kienyeji mwachie wenye matumbo yao.

Na maji usiyanywe na chakula. Acha nusu saa baada ya kula. Kama yanakuchefua tia kipande cha ndimu au tangawizi, au yafanye vuguvugu.

Ramadhani yangu ya kwanza nilifungua kwa tende nne na shurba, kama tulivyolelewa. Dakika ishirini tu nikaanza kutoka jasho, moyo unakwenda mbio, tumbo linanguruma, nikakaa chini kwenye zulia la msikiti na watu wamesimama. Sukari imeingia kwa kishindo kwenye utumbo. Kwa sisi wa baipasi ndo kawaida, slivu hutokea pia ila kwa uchache. Wewe hupati adhabu hiyo, na hapo ndo penye mtego, maana juisi ya embe inakupokea vizuri.

Bwashee_Mbagala

Sasa hapa nimejifunza kitu. Dada samahani kwa ya juu.

NesiWaZamu

MieWaMuscat kamaliza upande wa kisahani, mimi nimalizie mengine.

Kaka wa 171 katoa 40, hiyo ni asilimia 23. Wewe 17. Kumbe pengo si kilo 18 kama ulivyokuwa ukijitesa nazo. Na ni mwanaume, ana misuli mingi kuliko wewe, inachoma hata akiwa amelala.

Protini: unahitaji angalau gramu 60 kwa siku, wengine huambiwa mpaka 80. Kwa ulichoandika sidhani kama unafika hata nusu. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maziwa au mtindi 8, samaki aliyeiva gramu 100 ana 20 na ushee. Kwa hiyo: asubuhi mayai mawili ya kuchemsha badala ya nusu chapati. Saa nne mtindi usio na sukari badala ya uji. Mchana samaki, jioni maharage mazito au dagaa. Dagaa ukiwasaga unga ukanyunyizia kwenye mboga hawakabi mtu, na ni rahisi kuliko makopo ya protini ya madukani. Chai usiache, punguza kikombe, na sukari ile iondoke. Protini ikikosekana mwili unakula misuli, ukipoteza misuli ndiyo kasi inapungua zaidi. Nywele nazo, kutoka mwezi wa tatu mpaka wa sita ni kawaida baada ya upasuaji wowote mkubwa na zinarudi, lakini protini na chuma vikiwa chini zinachelewa.

Sindano. Hiyo ya miezi mitatu kuna wanawake inawaongezea hamu ya kula na uzito. Si wote, lakini wewe huna sababu ya kubahatisha. Nenda kliniki ya uzazi ukaulize kitanzi. USIACHE sindano ukakaa hivihivi! Uzito ukishuka yai linaanza kutoka vizuri, na wengi waliodhani hawazai wamejikuta wajawazito. Mimba subiri miezi 12 hadi 18 tangu operesheni.

Vitamini ndilo lililonishtua kuliko kilo. Hizo ni za maisha. Tafuta multivitamini, B12, chuma, vitamini D na kalsiamu, ikiwezekana ya saitreti, jumla yake 1,200 hadi 1,500 mg kwa siku. Halafu pima wingi wa damu, B12, chuma, vitamini D na thairoidi, ile tezi ya shingoni. Thairoidi ikiwa mvivu hata ungekula hewa mizani haisogei. Waonyeshe pia presha, maana uzito ukishuka dozi ya zamani inaweza kuwa kubwa, ukaanza kuona kizunguzungu ukisimama. Na ukianza kutapika mfululizo, kila ukila, usisubiri jibu la India. Nenda hospitali siku hiyohiyo, kuna vitamini ya B1 inaisha haraka na inaharibu mishipa ya fahamu.

FundiRama

Naongeza la kwangu dogo. Mke wangu aliwekewa puto la tumboni pale hospitali ya Mloganzila, halikuwa la kukatwa kama lako, lakini naye alikwama. Kilichomsukuma ni kunyanyua vitu. Ndoo ya maji nusu kila mkono, anachuchumaa anasimama, jioni nyuma ya nyumba. Mizani ilikaa palepale ila sketi zikaanza kumvuka. Nunua futi ya fundi cherehani, jipime kiuno.

ShangaziKibao

Mie nataka kuongea na hao mawifi. Kiwanja kiliuzwa na wenye kiwanja. Mwanangu, siku nyingine akikushika mkono mbele za watu mwambie, "Nilikatwa wifi, ulitaka kuona kidonda?" kisha uendelee kula ndafu yako. Na huyo mumeo anayekuelewa chumbani, akuelewe na sebuleni dada zake wakiwepo. Yeye ndiye wa kuwanyamazisha. Na grupu la picha za Ijumaa liweke kimya, halikusaidii chochote.

MamaTabata

Shangazi nimecheka mpaka nimeshika tumbo langu dogo. Hilo la mume nimelipeleka tayari, kanyamaza muda mrefu, kisha kasema atakwenda kwao Jumapili peke yake.

FundiRama kiuno nimepima, sketi ya mwezi wa nne inazunguka kweli, sikuwa nimeiwaza. MieWaMuscat leo mchana nimekaa na kisahani na uma chini, nguru amepita vipande vinane bila kukaba, wali sikuufikia kabisa. Jumatatu nakwenda kupima damu. Nesi swali la mwisho: hivyo vidonge vyote vitano naweza kumeza kwa mpigo asubuhi na chai, nisisahau?

NesiWaZamu

Hapana. Chuma na kalsiamu vinagombana, achanisha angalau saa mbili, na chai inazuia chuma kisiingie mwilini. Chuma meza usiku kabla ya kulala kwa maji yenye ndimu. Kalsiamu igawe mara mbili au tatu, mwili haupokei zaidi ya 500 au 600 mg kwa mkupuo. Vingine meza asubuhi baada ya mayai. Weka alamu kwenye simu. Majibu ya thairoidi yakitoka yalete hapahapa.